Uso Uliorudishwa Kwenye Maji

Miaka minne iliyopita, Jumatano saa kumi jioni, Fundi Sura aliitoa ukutani barakoa ya mtoto wa miaka sita aliyekuwa katikati ya tiba ya saratani, akaitumbukiza kwenye maji ya moto mpaka ikawa karatasi tupu ya plastiki. Jioni hiyo hiyo akamtengenezea mtoto mwingine. Asubuhi yake, saa moja na dakika arobaini, mwenye barakoa akaingia mlangoni ameshikwa mkono na shangazi yake.

Hapakuwa na wizi wala rushwa. Sheria ilifuatwa kama ilivyoandikwa, na aliyeitunga ni yeye mwenyewe.

Leo ni saa moja kasoro robo asubuhi na Fundi Sura yuko kwenye chumba kile kile, mwisho wa ukumbi wa chini wa hospitali, mbele ya mlango mzito wa mashine ya mionzi. Chumba ni chembamba. Kuna dirisha moja la wavu, kitanda kigumu, na beseni la bati refu kama hori la ng'ombe, limejaa maji yanayotoa mvuke. Ukutani zimetundikwa barakoa ishirini na tatu za plastiki nyeupe yenye matundu kama chujio. Kila moja ina pua ya mtu, kidevu cha mtu, paji la mtu. Mgeni akiingia bila kuonywa hurudi hatua moja nyuma.

Juu ya kitanda amelala msichana wa miaka mitano. Mama yake amesimama kwenye kona, mkoba kifuani.

"Babu, itaniunguza?" mtoto anauliza.

"Ingekuwa inaunguza, mimi ningekuwa na pua? Nimeivaa mara mia."

"Pua yako kubwa."

"Ilivimba kwa kudanganya watoto. Lala hivyo hivyo, usiniongezee."

Mtoto anacheka, na akiwa bado anacheka fundi ameshaitoa karatasi majini, ameikung'uta, ameijaribu kwenye kiwiko chake, ameivuta juu ya uso mdogo na kuibana pembeni kwa vibanio sita. Vidole vyake vinene vinapita kwenye daraja la pua, chini ya midomo, kwenye vikunjo vya macho. "Hesabu mpaka mia," anasema. Mtoto anapotelea arobaini na kitu, anaanza upya. Anapofika thelathini mara ya pili plastiki imeshakuwa ngumu, na sura yake imebaki ndani.

Bila barakoa hiyo mtoto hatibiwi. Mionzi hupiga mahali padogo kichwani, na kichwa kikisogea upana wa kidole, inaunguza pasipo na ugonjwa. Kwa hiyo mgonjwa hufungwa kitandani kwa uso wake mwenyewe wa plastiki, kila siku, wiki sita. Alama za kulengea zimechorwa juu ya barakoa, si juu ya ngozi. Barakoa ikipotea, alama zimepotea, vipimo vimepotea, na kazi yote inaanza upya.

"Watu wanadhani dawa ni ile mashine," anasema Fundi Sura akijifuta mikono kwenye aproni. "Mashine ni bunduki tu. Mimi ndiye ninayemshika swala asitikisike."

Ana miaka hamsini na tisa. Shule aliiacha darasa la sita, baba yake alipofariki na ada ikafuatana na jeneza. Akajifunza kutengeneza mabango: kukata plastiki, kuipasha moto, kuikunja iwe herufi. Miaka ishirini na miwili iliyopita aliitwa hospitali hii kuweka kibao cha mlangoni. Akiwa juu ya ngazi alimwona daktari mmoja anahangaika na karatasi ya plastiki iliyokuwa inamgandia mikononi kabla hajaifikisha usoni kwa mgonjwa. Fundi akashuka.

"Nikamwambia, daktari, maji yako baridi. Akaniambia, fundi, panda ngazi yako. Nikapanda. Baada ya robo saa akaja mwenyewe chini ya ngazi. 'Fundi, maji yawe moto kiasi gani?'"

Kibao cha mlango kilichelewa siku tatu. Fundi hakuondoka tena.

Mshahara wake unatosha kodi ya vyumba viwili, unga, na ada ya mjukuu mmoja. Mjukuu wa pili anasomeshwa na cherehani ya bibi yake. Hajawahi kupandishwa cheo kwa sababu cheo chake hakipo kwenye orodha ya vyeo. Kwenye karatasi za utumishi ameandikwa "mhudumu". Wauguzi humwita Fundi Sura, na watoto humwita babu.

Ila kila Ijumaa mhudumu huyu huingia kwenye kikao pamoja na daktari mkuu, mtaalamu wa vipimo vya mionzi na muuguzi wa wodi ya watoto. Hapo ndipo huamuliwa nani anaanza tiba wiki ijayo na nani anangoja. Mashine ni moja. Miaka minne iliyopita watoto waliokuwa kwenye orodha walikuwa arobaini na mmoja, na nafasi mpya kwa mwezi zilikuwa sita. Fundi huulizwa swali moja: karatasi ziko ngapi?

Karatasi hizo huagizwa mbali na hufika zinapotaka. Zina bahati moja tu: ukiirudisha kwenye maji ya moto, plastiki husahau. Pua inazama, kidevu kinalainika, baada ya dakika tatu unabaki na karatasi bapa, tayari kwa uso mwingine. Moja huvumilia kurudi majini mara nne, labda tano. Kwa hiyo mtoto akimaliza tiba, uso wake unashuka ukutani na kuzaliwa upya. Kwingine, fundi anasema, watoto hupewa barakoa zao waende nazo nyumbani kama zawadi. Hapa hupewa peremende.

Tatizo lilikuwa wale wasiomaliza. Kuna waliokata tamaa, walioishiwa nauli, waliokwenda kwa waganga wa kienyeji, na waliokufa bila mtu kuleta habari. Barakoa zao zilining'inia miezi, huku watoto wengine wakikosa karatasi. Ijumaa moja fundi akachoka.

"Nikawaambia, wakubwa zangu, asiyekuwepo na lake halipo. Mtoto asipoonekana siku tatu za kazi, uso unarudi majini. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yenyewe ni ya watoto."

Mtaalamu wa vipimo akasema hiyo ni haki, kwani haitazami sura wala mfuko wa mtu. Daktari mkuu akaiandika na kuipiga muhuri. Ikaitwa sheria ya siku tatu. Fundi alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba leo darasa la sita limewatungia sheria maprofesa. Mkewe, aliyekuwa anaunga pindo, hakuinua kichwa. "Na anayeishi mbali?" akauliza.

"Nikamjibu siku tatu ni nyingi," anasema fundi. "Nilimjibu haraka. Mtu ukishasifiwa, masikio yanakuwa mazito."

Miezi saba baadaye akaja msichana ambaye wodi nzima ilimwita Karani.

Alikuwa na uvimbe nyuma ya macho, umebana mishipa ya kuona. Jicho la kulia lilikuwa limeanza kufifia, la kushoto lilikuwa zima. Daktari alimweleza shangazi yake bila kuzunguka: mara thelathini za mionzi, siku baada ya siku, bila kukatiza, na macho yanaweza kubaki. Mama wa mtoto alikuwa na ujauzito mkubwa nyumbani, baba alikuwa kibarua wa kuvunja mawe asiyeruhusiwa hata nusu siku. Shangazi, mwuza nguo za mitumba, alifunga robota lake akamwachia jirani, akaja.

Karani aliitwa hivyo kwa sababu hakuna kilichompita bila kuhesabiwa. Alihesabu vidonge kabla ya kumeza, akamwuliza muuguzi cha nne kimekwenda wapi. Siku ya kwanza alipotoka kwenye mashine aliomba penseli ya fundi, akachora mstari mmoja ukutani chini ya kulabu ya barakoa yake. "Huu ni wa leo," akasema. "Ikifika thelathini unanipa uso wangu niende nao."

"Hapa nyuso hazitoki, Karani."

"Wangu utatoka. Nimeuzoea."

Fundi alicheka, akamwahidi. Ni ahadi aliyokuwa hana mamlaka nayo, lakini alikuwa amepanga kuununua uso huo kwa peremende za mwezi mzima na maneno matamu kwa mtunza ghala.

Mistari ikafika kumi na saba. Siku iliyofuata, Ijumaa, mashine ikazima.

Fundi wa mashine alikuwa nje ya mji na kipuri kilikuwa njiani. Wagonjwa wakaambiwa wasubiri nyumbani, watapigiwa simu. Nyumba ya kulaza wazazi ilikuwa na vitanda kumi na viwili na watu thelathini. Waliokuwa na ndugu mjini walikwenda kwa ndugu. Shangazi alimbeba Karani wakarudi kwao, safari ya kutwa nzima, na kuacha namba ya simu. Haikuwa yake. Simu yake alikuwa ameiuza wiki ya pili ili wale. Ilikuwa ya mwuza mkaa wa jirani.

Siku kumi zikapita. Jumatatu asubuhi mashine ikapona, na muuguzi akakaa na orodha akapiga simu moja moja. Watoto wa mjini walifika kabla ya saa sita. Kwa Karani ilipokelewa na mwuza mkaa. "Nitawaambia," akasema, na hakusema uongo. Ila siku hiyo alikuwa porini anapakia magunia, akarudi kwake Jumanne usiku. Jumatano alfajiri ndipo alipogonga mlango. Kabla jua halijatoka vizuri, shangazi na Karani walikuwa barabarani.

Hesabu ya hospitali ilikuwa imeanza Jumatatu, mashine ilipowaka: Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Siku tatu za kazi.

Na Jumatano hiyo wodini kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne, mtoto wa mwalimu, mwenye uvimbe puani uliokuwa umeanza kumziba pumzi. Daktari mkuu alishuka mwenyewe mpaka chumba cha fundi. Mazungumzo yao yalikuwa mafupi, na fundi anayakumbuka yote.

"Karatasi ziko ngapi?"

"Hakuna. Ghala linasema wiki ijayo."

"Huyu hafiki wiki ijayo. Nani hajaonekana?"

"Karani. Leo ya tatu."

"Amepigiwa?"

"Muuguzi amepiga Jumatatu. Simu ilipokelewa."

"Basi," daktari akasema. Akasimama kidogo mlangoni. "Ni sheria yako, fundi."

Fundi alingoja mpaka saa kumi, gari la mwisho la abiria kutoka upande wa kina Karani linapofika kwa kawaida. Alitoka mpaka getini, akatazama. Hakujua kwamba siku hiyo gari lilikuwa limepata pancha mbili na lingeingia saa mbili usiku, wala kwamba shangazi, akiona saa hizo hospitali imeshafungwa, angelala na mtoto kwenye benchi la stendi mpaka kuche. Akarudi ndani, akaishusha barakoa kwenye kulabu.

"Nilipoitumbukiza niligeuka pembeni," anasema. "Miaka yote hiyo sijawahi kugeuka. Plastiki ni plastiki. Siku ile niligeuka. Kumbe moyo ulikuwa umeshajua, mikono ndiyo haijaambiwa."

Alhamisi, saa moja na dakika arobaini, Karani aliingia chumbani moja kwa moja bila kubisha, kama kawaida yake. Akatazama kulabu. Chini yake palikuwa na mistari kumi na saba, na juu yake hapakuwa na kitu.

"Babu, uso wangu uko wapi?"

Muuguzi aliyekuwa nyuma yao alijibu kabla fundi hajafungua mdomo. "Uliharibika, mama. Atakutengenezea mwingine mzuri zaidi."

Fundi hakumsahihisha.

Karatasi mpya zilifika Jumatatu, siku ya kumi na moja baada ya Alhamisi hiyo. Barakoa ilitengenezwa siku ile ile. Ikabidi kichwa kipigwe picha upya na vipimo vipangwe upya, na mpangaji alikuwa mmoja, naye alikuwa na foleni yake. Siku nane nyingine. Karani aliporudi chini ya mashine alikuwa amekaa siku thelathini na tatu bila mionzi. Kumi na tisa kati ya hizo ni za barakoa.

Siku ya kwanza ya kurudi fundi alimpa penseli. Mtoto aliinua mkono, akaugusa ukuta, akaupapasa, akakosa mahali. "Taa imezimwa?" akauliza. Taa ilikuwa inawaka. Shangazi alikuwa amemweleza daktari tangu wiki iliyotangulia kwamba mtoto anajikwaa. Daktari alijua. Fundi hakuwa ameambiwa.

Mionzi kumi na tatu iliyobaki aliimaliza yote bila kulia hata mara moja. Uvimbe ulikufa. Macho yalitangulia.

Daktari mkuu, ambaye sasa amestaafu, anaongea juu ya jambo hilo kama mtu anayekanyaga mayai. "Siwezi kusema ni zile siku kumi na tisa. Siwezi kusema si zile. Uvimbe ulikuwa mbaya, na mashine na safari zilikuwa zimetuharibia siku kumi na nne kabla. Na yule wa kiume yuko hai. Ungeniuliza jioni ile tena, sijui ningejibu nini. Ningepiga simu ya pili. Hilo nalijua."

Mtoto wa mwalimu yuko hai kweli. Ana miaka minane, anacheza mpira, amekatika jino la mbele. Kila mwaka baba yake humleta kwa uchunguzi na kumpitisha kwa fundi. "Msalimie babu aliyekuokoa." Mtoto anaamkia, fundi anaitika, anatazama viatu. Mwalimu anadhani ni unyenyekevu.

"Nifanye nini?" anauliza fundi. "Nimchukie mtoto? Hana kosa. Nimpende? Nampenda. Akicheka naona mwingine anapapasa ukuta. Wanasema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu nilikuwa nao wawili, huyu ni wa tatu, na ndiye anayelala chumbani kwangu."

Mwaka mmoja baada ya Karani kuondoka, fundi alitoa daftari lake la kazi. Alitaka kujua jambo moja, swali la mkewe. Tangu sheria ya siku tatu ianze alikuwa amerudisha majini nyuso kumi na moja za watoto waliochelewa. Akaandika pembeni ya kila jina mahali walikotoka. Kumi walikuwa wa mbali. Mmoja alikuwa wa mjini, na huyo alikuwa amekufa.

Sheria haikutazama sura wala mfuko, kama alivyosema mtaalamu wa vipimo. Haikuwa na haja. Umbali ulikuwa unaitazamia.

Fundi alipeleka daftari kwenye kikao cha Ijumaa. Hakuna aliyebisha. Sheria ikafutwa kwa mstari mmoja wa kalamu, na hakuna aliyesema neno la Karani, kwa sababu kwenye faili lake imeandikwa: barakoa iliharibika.

Faili hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Kwa miaka minne shangazi amekuwa akimleta mtoto kwa uchunguzi, na kwa miaka minne fundi amekuwa akijitafutia kazi ya ghalani siku hizo. Mwezi uliopita hakwenda ghalani. Alimwambia muuguzi awalete.

Karani ana miaka kumi. Yuko shule ya wasioona, darasa la tatu, bwenini. Amerefuka. Alipofika mlangoni alisimama, akavuta pumzi.

"Hapa kwa babu. Pananuka ndoo mpya."

"Marahaba," fundi akasema, kabla hajaamkiwa.

"Sijakuamkia bado. Shikamoo."

Shangazi akaangua kicheko. "Huyu bado karani, fundi. Juzi amemwambia mwalimu mkuu kwamba sukari ya bweni inapungua vijiko viwili kila siku. Nimeitwa shuleni."

Fundi aliwapa viti. Mwenyewe alibaki amesimama, mgongo kwenye beseni. Alikuwa amejiandaa maneno wiki nzima, na mkewe alikuwa amemsikiliza akiyakariri jikoni. Yote yakampotea.

"Shangazi," akasema, "uso wa mtoto haukuharibika. Niliuyeyusha mimi. Nilimpa mtoto mwingine. Mlikuwa njiani."

Shangazi hakushtuka. Alikunja kanga yake magotini, akaikunjua, akaikunja tena.

"Fundi, mimi nauza nguo kuukuu. Najua kitu kilichochanika na kitu kilichochukuliwa. Plastiki ngumu vile iharibike vipi ikiwa ukutani?"

"Ulijua?"

"Nilijua. Miaka minne najua. Nikasema labda wataniambia wenyewe. Kila tukija, fundi yuko ghalani. Nikajua zaidi."

"Nisamehe, shangazi."

"Subiri kwanza. Kuyeyusha sikulaumu sana. Kulikuwa na mtoto, si ndiyo? Hamkumpa mbwa. Linaloniuma ni lingine. Mlipiga simu mara moja. Mara moja tu, fundi. Mimi mteja akidaiwa shati namfuata mara tano. Macho ya mtoto, simu moja."

Karani akageukia sauti ya fundi.

"Huyo mtoto alipona?"

"Alipona."

"Anaona?"

"Anaona."

Karani alifikiri. Alikuwa anagonga kidole kwenye mti wa kiti, taratibu, kama anahesabu.

"Mwambie ule uso ulikuwa wangu," akasema.

"Nitamwambia."

"Si kwa ubaya. Ila ajue."

Baadaye, wakati shangazi anasaini karatasi kwa muuguzi, mtoto aliuliza kama mistari yake bado ipo. Fundi akamwambia ipo. Chumba kimepakwa rangi mara mbili tangu wakati ule, na mara zote mbili alimzuia mtu wa rangi asiguse kipande hicho, akamwambia hapo pana unyevu.

"Mingapi?"

"Kumi na saba."

"Nilidhani kumi na nane," akasema Karani. Hakuchukua penseli aliyonyooshewa.

Fundi Sura anastaafu baada ya miezi saba. Kabla ya hapo ana mambo matatu ya kumaliza. La kwanza ni faili: ameomba neno "iliharibika" likatwe na iandikwe ilivyokuwa, na muuguzi mkuu mpya amekubali. La pili ni mwalimu. Bado hajamwambia. Anasema mdomo uko tayari, miguu ndiyo inakataa, ila uchunguzi wa mtoto ni mwezi ujao na safari hii hatatazama viatu.

La tatu limeshakamilika. Limewekwa juu ya mlango kwa mkono wake, herufi nyekundu za plastiki, kazi yake ya zamani: HAKUNA USO UNAOSHUKA KABLA MWENYEWE HAJAPATIKANA. Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: PIGA TENA. Karatasi mbili mpya hukaa zimefungiwa kwenye sanduku, haziguswi hata na mkurugenzi, ni za yule ambaye hakuna aliyemtarajia. Mwaka huu sanduku limefunguliwa mara tatu.

"Si kwamba nimelipa," anasema akizima moto chini ya beseni. "Maji yakimwagika hayazoleki. Ila ndoo inaweza kushikwa vizuri."

Anatundika barakoa ya msichana wa asubuhi, ya ishirini na nne, na kuandika jina lake kwenye utepe. Kulabu ya jirani ni tupu. Imekuwa tupu miaka minne. Chini yake kuna mistari ya penseli, myembamba, inayopanda kidogo kuelekea kulia jinsi mtoto anavyochora akinyanyuka kwenye vidole vya miguu.

Hesabu yake ni hii. Kati ya barakoa kuingia majini na mwenyewe kufika mlangoni zilipita saa kumi na tano na dakika arobaini. Simu iliyopigwa ni moja. Siku zilizopotea kwa barakoa ni kumi na tisa. Mtoto mmoja yuko hai na anaona. Mtoto mmoja yuko hai. Mistari ukutani ni kumi na saba, na kumi na tatu haikuchorwa.